Ujira wa Kazi Isiyo na Mshahara



Nimepewa nafasi ya kusema nanyi jioni hii juu ya kazi za hiari, yaani zile kazi mtu azifanyazo kwa ajili ya wengine pasipo kulazimishwa wala kulipwa, na juu ya faida aipatayo mtendaji mwenyewe. Jambo hili si jepesi kulisema, kwa kuwa wahenga wetu wametuachia maneno mawili yasiyopatana juu yake. Tumeambiwa, "Tenda wema wende zako." Tena tumeambiwa, "Mkono mtupu haulambwi." Wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu wayajua maneno yote mawili. Kila mwaka nipangapo zamu za kwenda kuwafundisha watu wazima kusoma, hakosekani mmoja wa kuniuliza kwa adabu, "Mwalimu, na sisi tutapata nini?"

Wako walimu wamgombezao mwenye kuuliza hivyo. Mimi simgombezi. Swali lake ni la haki, hasa likitoka kinywani mwa kijana ambaye baba yake ameuza mbuzi ili apate karo. Sharti lijibiwe, wala lisijibiwe kwa mahubiri.

Kwanza hapana budi tutenge kazi ya hiari na mambo mengine yanayofanana nayo. Wazee wetu walikuwa na ujima: leo twalima shamba lako, kesho twalima langu, na mwenye shamba huwapikia waliokuja. Katika nchi ya Wasambaa na Wabondei kazi ya jumuiya huitwa msaragambo. Nchini Kenya neno harambee, ambalo ni mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, liligeuka kuwa mwito wa taifa zima baada ya uhuru wa mwaka 1963, na shule nyingi zikajengwa kwa michango ya wananchi wenyewe. Hizo zote ni kazi njema. Walakini malipo yake yaonekana: aliyechanga matofali atampeleka mtoto wake katika shule ile ile. Tena katika ujima, asiyetokea shambani hutazamwa kwa jicho baya, na siku ya msiba wake huona watu wachache uani. Mimi leo nasema habari ya mtu amsaidiaye yule asiyeweza kumrudishia, na ambaye angaliweza kukaa nyumbani kwake bila ya mtu yeyote kumlaumu.

Nitawapa mfano mmoja wa zamani, nao naupenda kwa sababu hauna utamu mwingi. Henry Dunant alikuwa mfanya biashara wa mji wa Geneva katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1859 alisafiri mpaka Italia ya kaskazini kumtafuta Napoleon III, Kaizari wa Wafaransa. Hakuwa na nia ya kumwuguza mtu. Alikuwa na mashauri ya biashara huko Algeria, mambo ya ardhi na maji ya kuendeshea vinu vya kusaga nafaka, naye alitaka kibali. Alipofika karibu na mji mdogo wa Castiglione akakuta vita vya Solferino. Tarehe 24 Juni majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria kutwa nzima, na jua lilipokuchwa makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa. Majeruhi waliletwa Castiglione, wakajaa makanisani, majumbani na njiani, na waganga hawakutosha hata kidogo.

Dunant hakuwa mganga wala askari. Mambo aliyoyafanya yalikuwa madogo madogo, nami nataka myasikie yalivyo, kwa maana wengi hudhani ya kwamba msaada ni kitu kikubwa kipitacho uwezo wao. Aliwakusanya wanawake na vijana wa mji ule ili wachote maji, waoshe vidonda, wagawe mchuzi. Alimtuma mwendesha gari lake hadi mji wa Brescia akanunue malimau, sukari, mashati, vitambaa vya kufungia vidonda, na tumbako ya kuvuta. Aliandika maneno ya mwisho ya vijana waliokuwa wakifa, apate kuyapeleka kwa wazazi wao. Na wanawake wa Castiglione hawakuuliza huyu ni askari wa upande gani. Walimnywesha maji Mwaustria kama walivyomnywesha Mfaransa.

Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Mwaka uliofuata yeye na wenziwe wanne wa Geneva waliunda kamati iliyokuja kuwa chama cha Msalaba Mwekundu, na mwezi wa Agosti 1864 mataifa yalitia sahihi mapatano ya kwanza ya Geneva ya kuwalinda majeruhi wa vita. Je, mwenyewe alipata nini? Mwaka 1867 biashara yake ilifilisika, akaondoka Geneva kwa aibu ya madeni, akaishi miaka mingi katika ufukara. Uzeeni alipata chumba katika hospitali ya mji wa Heiden, na ulimwengu ulikuwa umemsahau mpaka mwandishi mmoja wa magazeti alipoandika habari zake mwaka 1895. Mwaka 1901 tuzo ya Nobel ya amani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka huo, aligawiwa yeye pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Akafariki mwaka 1910.

Nisimuliapo haya darasani, daima yuko kijana asemaye, "Waona, Mwalimu? Malipo yake ni umaskini." Namjibu ya kwamba siku zile za Castiglione hazikumfilisi mtu. Kilichomfilisi ni mashauri mabaya ya Algeria na kuyapa daftari zake kisogo kwa miaka, na mtu mwenye watu wanaomtegemea asimwige katika hilo. Lakini kijana amesema kweli kwa upande mmoja. Heshima ilimfikia baada ya miaka 42, na hakuna awezaye kula kwa kungoja miaka 42. Basi ikiwa hiari ina ujira, ujira huo hauwi sifa za watu wala tuzo. Sharti uwe kitu mtu akipatacho kazini mwenyewe, angali akiifanya. Dunant alitoka kwao kutafuta kibali cha maji ya vinu, naye akakuta jambo ambalo kwalo aliishi maisha yake yote yaliyobaki, katika utajiri na katika dhiki. Ni wafanya biashara wangapi wa zama zake waliopata vibali vyao, na nani leo ajuaye majina yao?

Sasa turudi kwetu. Katika Tanzania, mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 watu 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake ikaja juhudi kubwa ya kisomo. Mtihani wa taifa uliofanywa Agosti 1975 ulionyesha ya kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki 39 katika 100, na mwaka 1986 walihesabiwa kuwa 10 hivi. Nani aliwafundisha? Walimu wa shule peke yao wasingaliweza. Waliokuja kusaidia ni wakulima, wenye maduka, na vijana waliomaliza shule ya msingi, watu waliofundishwa kazi kwa muda mfupi, wakapewa posho kidogo sana, wakasimama mbele ya baba zao na mama zao chini ya mwembe au ghalani. Redio nayo ilikuwa na fungu lake. Mwaka 1973 katika mafundisho ya "Mtu ni Afya" watu wapata milioni mbili walikusanyika katika vikundi kila juma, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wapata 75,000. Juhudi zilipolegea baadaye, hesabu ya wasiojua kusoma ilipanda tena. Kwa hiyo kazi bado iko, nasi hatuisemi kama hadithi ya kale.

Mimi nalianza darasa la jioni nilipokuwa mwalimu mgeni katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Tulisomea katika ghala la chama cha ushirika, penye harufu ya magunia, kwa taa ya chemli. Walikuja wanawake 14 na wanaume 3. Wanaume waliona haya, wakaketi karibu na mlango.

Miongoni mwa wanawake alikuwamo mama mmoja muuza dagaa. Alikuwa akiandika hesabu ya wadeni wake kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa nyumba yake, kila mdeni na fungu lake la mistari. Na usiku mmoja mvua ilipenya paani ikafuta madeni ya mwezi mzima. Hilo ndilo lililomleta darasani. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa makasia na nyavu, naye alikandamiza penseli kwa nguvu hata ikakatika ncha. Nikajifunza kuwaandikisha kwanza mchangani kwa kidole, ndipo kwa chaki, ndipo kwa penseli. Jambo hilo halikuwamo katika masomo yangu ya chuoni.

Siku moja mama yule aliniuliza, "Mwalimu, mbona ng'ombe umemwekea kialama juu, na ngoma hukuiwekea?" Watoto wa shule walikuwa hawajaniuliza hivyo hata siku moja, kwa sababu mtoto hukubali apewacho. Ilinibidi niwaambie wote waseme maneno yale polepole, ng'ombe, ngoma, ng'oa, ngoja, wakisikiliza jinsi sauti ya kwanza inavyobaki puani na ya pili inavyoishia kwa kishindo cha "g". Tuliicheza kazi ile jioni nzima, wakicheka midomo yao wenyewe. Tangu siku ile naijua sauti ile, na leo ninapowafundisha vijana watakaokuwa walimu, somo hilo lamtoka muuza dagaa. Basi huo ni ujira wa kwanza, nami nauweka mbele ya mengine yote: mtu huijua kazi yake kwelikweli aitendapo kwa watu ambao si wajibu wao kumvumilia. Mtoto hukaa darasani kwa kuwa mzazi amemtuma. Mtu mzima asiyeona faida huchukua kanga yake au kofia yake, akaenda zake, asirudi tena. Wakirudi juma baada ya juma, hapo mwalimu amepata cheti kisichotolewa na mkaguzi.

Mwezi wa tano mama yule alileta daftari lake mwenyewe. Akasimama chini ya taa akasoma jina la mdeni wake wa kwanza, silabi kwa silabi, pamoja na kiasi cha deni. Mwenye jina alikuwa mzee mmoja wa wale watatu wa mlangoni. Darasa zima lilicheka, na mzee akalipa usiku ule ule. Nilirudi nyumbani gizani nikicheka peke yangu njiani, na mke wangu alipouliza nimekunywa nini, sikuwa na jibu la kumtosha.

Mgeni katika kijiji hupata pia jambo jingine asilolitafuta. Kabla ya darasa lile nilikuwa "yule mwalimu". Baada yake nalikuwa mtu ambaye watu humwambia mapema kijito kimejaa, kisima kipi kimeharibika, na nani ana msiba. Upweke ni ugonjwa wa walimu wengi wanaopelekwa mbali na kwao, na sijaona dawa yake iliyo bora kuliko kuwa na mahali pa kwenda jioni ambapo watu wakungoja.

Wataalamu wa Marekani na nchi nyingine wamechunguza wazee wanaojitoa kuwasaidia wengine, wakaona ya kwamba kwa kawaida wana afya njema na huishi zaidi kuliko wenzao. Nawaomba mlipokee neno hilo kwa hadhari. Mwenye afya ndiye awezaye kutoka nyumbani kwenda kusaidia, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kimezaa kipi. Hata hivyo yeyote aliyemwona mzee aliyestaafu akiketi kutwa kibarazani pasipo jambo la kumwamsha asubuhi, hawezi kulipuuza.

Iko na hiari isiyo na uso wala jina, nayo ni kutoa damu. Mwaka 1921, katika mtaa wa Camberwell mjini London, Percy Oliver na wenzake wa Msalaba Mwekundu waliitwa na hospitali iliyohitaji damu kwa haraka. Wakaenda. Baadaye Oliver na mkewe wakaandika orodha ya watu walio tayari kuitwa wakati wowote, wakiiendesha kazi hiyo nyumbani kwao. Siku hizi damu inayotolewa kwa mara moja haifiki nusu lita, na katika Tanzania mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mtoaji hamjui atakayepewa: huenda ni mama aliyetokwa na damu nyingi katika kuzaa, huenda ni mtoto mwenye malaria kali. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia ya kwamba aliporudi kutoka hospitali alipita sokoni akiwatazama watu, akijiona kama mwenye siri njema. Nadhani alieleza vema kuliko nielezavyo mimi.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Shukrani hazina hakika. Wako watu utakaowasaidia nao wakupite njiani kana kwamba hawakujui, na mara nyingi hawafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Mtu aliyesaidiwa ameonekana katika unyonge wake, na mwenye kumwona humkumbusha unyonge ule. Dawa yake ni kumpa nafasi naye atoe. Katika darasa letu mafuta ya taa yaliletwa kwa zamu na wanafunzi wenyewe, na mzee mmoja alijitwalia kazi ya kufagia ghala. Ningaliweza kuyanunua mafuta yale. Lakini nilipoona jinsi wanavyoyaleta, kichwa juu, kama wenyeji wanaomkaribisha mgeni, nilinyamaza.

Wako na wale wamsaidiao mjane kwa kilo mbili za unga, kisha wakamsimamisha mbele ya picha, unga mkononi. Hao wamekwisha kujilipa, tena kwa mali ya mjane. Na ziko ofisi zimwitazo kijana "mtu wa kujitolea" mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu, ilhali afanya kazi ya mwajiriwa kutoka asubuhi hata jioni na nauli yampasa kujitafutia. Hiyo siyo hiari, ni mshahara uliozuiwa, na kijana akiuliza haki yake asiambiwe ya kwamba hana moyo. Hiari ina dalili moja iliyo wazi: mtu aweza kusema "hapana" asipate hasara.

Kwa yule anayetaka kuanza, maneno yangu ni machache. Chagua kazi ndogo uijuayo. Fundi cherehani awafundishe wasichana wawili kushona. Mwenye kujua sheria za ardhi awasomee wazee hati zao. Mwenye baiskeli ampelekee jirani mgonjwa dawa zake. Weka siku, nayo isibadilike: jioni mbili kwa juma zitimizwazo ni bora kuliko jioni sita za ahadi. Waambie wa nyumbani mwako mapema, ili chakula chako kisipoe na maneno yasizuke. Usichukue watu wengi kwa mara moja. Darasa la watano lakutosha mpaka uzoee. Nawe tangu mwezi wa kwanza mtafute atakayekuwa msaidizi wako, umwachie aandike mahudhurio, umwachie somo moja, kisha mawili. Walimu huhamishwa, na wengine huugua. Siku yako ya kuondoka itakapofika, ufunguo wa ghala na kitabu cha majina viwe vimekwisha kukaa mikononi mwa mwingine kwa muda wa kutosha hata taa isikose kuwashwa jioni ile.